Maiti wa Igombe

Redio ya Wande imefungwa waya kwenye nguzo ya chanja,
na asubuhi hii imetaja jina:
Leodgar Msuha, mwigizaji bora wa mwaka.
Kinara wa Dhahabu ni wake.

Nyanzobe akatua tenga.
"Kwa lipi?" akauliza,
na kwa swali hilo dagaa wa watu
wakaanza kukauka upande mmoja.

Filamu yenyewe hapa Mwaloni tumeiona mara nne,
bandani kwa Ndaki, mia tano kichwa,
na mara ya nne tuliiona
ili tubishane vizuri.

Wande ni wa Msuha.
Anasema, mwanaume yule alilia, jamani,
alilia mpaka kamasi, na hakujifuta.
Mwanaume asiyejifuta kamasi mbele ya kamera
amekupa kila kitu, unamdai nini tena?

Kilio, anasema Nyanzobe,
hata mdeni wangu anacho.
Mtazame Salha Mwinyikondo
anapoletewa habari ya mwanawe.
Halii. Anaosha sufuria.
Imeshatakata, anaiosha.
Anaigeuza, anaisugua matako.
Mimi nilipoletewa habari ya wangu
nilikuwa na ufagio mkononi,
nikafagia mpaka uani kwa jirani.

Hapo tukanyamaza.
Korongo akapita katikati yetu
kama mwenye nyumba aliyefuata kodi.

Mimi nina neno langu, na neno langu ni kisu.
Huyo Salha, kwenye ile harusi,
alimparua sato kuanzia kichwani!
Nani anaparua magamba kuanzia kichwani?
Miaka kumi na tisa niko na visu hapa Kirumba;
kwa samaki yule nimemnyima robo ya tuzo.
Nyanzobe akasema hilo ni kosa la mwongozaji.
Nikasema mkono ni wa nani?

Ndipo Bi Nyangeta, ambaye hasemi,
akatema mbegu ya pera.
"Na maiti je?"

Maiti!
Yule aliyevuliwa majini pale Igombe,
ambaye Msuha anamwangukia kifuani na kulia.
Yule ni Machibya wetu.
Walikuja wakitafuta mtu mrefu, wakampa elfu kumi na soda.
Jina lake halimo. Tulisubiri majina yapande yote
mpaka Ndaki akatuzimia televisheni.

Alilala majini tangu alfajiri.
Wimbi likampiga kofi la sikio.
Wadudu wa ziwani wakaingia puani, wakatoka.
Zile kamasi za tuzo zilimdondokea jichoni, za moto,
na kope halikucheza.
"Angepiga chafya," akasema Bi Nyangeta,
"huyo Msuha wenu angekuwa analilia nini?"

Tukamwita. Alikuwa anakunja nyavu.
Akaja na aibu zake, miguu ina matope,
tukamwambia, Machibya, tumekupa Kinara.
Akacheka chini chini.
"Jamani, mimi nilikuwa nimelala.
Nilitoka karabai siku tatu mfululizo.
Wakaniambia lala, usitikisike.
Tangu nizaliwe sijawahi kupewa kazi kama ile."

Wande akapiga makofi: mmeona? Hakuigiza!
Na Nyanzobe, palepale: usingizi ule aliuokota?
Kaulipia usiku tatu kwenye maji!
Chozi la Msuha nalo lilitoka wapi,
dukani?

Nimechukua reki, nageuza dagaa, mtu lazima ageuze.
Nyuma yangu wamerudi kwenye kamasi,
kwenye sufuria, kwenye kisu changu.
Machibya ameinamia nyavu zake.
Nzi ametua juu ya jicho lake, anatembea,
anafika pembeni, anarudi.
Machibya hapepesi.

Siku tatu, amesema.
Lakini mwezi ule, nakumbuka,
ulikuwa mpevu, karabai hazikutoka.